Kusoma Uzamili India: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi wa Afrika Mashariki

Haya ni maswali ambayo Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi na Wakongo wanaotaka kwenda India kwa shahada ya uzamili huyarudia kila msimu wa maombi. Shahada ya kwanza hatuigusi, na udaktari wa binadamu pia tumeuacha kwa sababu una mitihani na sheria zake. Ambaye tayari ana barua ya chuo mkononi anaweza kurukia sehemu ya viza.

## Mambo ya msingi

Kwa nini watu wanachagua India badala ya Ulaya au Uchina?

Sababu ya kwanza ni ada. Kwa fedha ambayo Uingereza inalipa muhula mmoja, India mara nyingi unamaliza shahada nzima na chenji ya nauli inabaki. Masomo ya uzamili katika vyuo vikubwa hufundishwa kwa Kiingereza, na vyuo vingi havimdai mtu aliyesoma kwa Kiingereza mtihani wa IELTS au TOEFL. Tena shahada ya kwanza ya miaka mitatu, ambayo baadhi ya nchi huitilia shaka, India ni jambo la kawaida kwa kuwa wao wenyewe wanayo.

Upande wa pili usemwe pia. Viza ya mwanafunzi haikuruhusu kufanya kazi, na ukimaliza hakuna kipindi cha kubaki ukitafuta ajira kama kilivyo Ujerumani au Kanada. Mwenye nia ya kuhamia ughaibuni kupitia masomo, njia yake si hii. India inamfaa mtu anayetaka elimu na cheti, kisha arudi kufanya kazi nyumbani au aendelee na uzamivu kwingine.

Masomo huchukua muda gani, na mwaka unaanza lini?

Kwa kawaida ni miaka miwili yenye mihula minne: MA, MSc, MCom, MBA, MCA (ya kompyuta) na MTech (ya uhandisi na teknolojia) zote ziko hivyo. Sheria, yaani LLM, inaweza kusomwa kwa mwaka mmoja tangu utaratibu huo ulipoanzishwa 2013, ingawa vyuo vingine vimebaki na miaka miwili. Mwongozo wa 2024 wa UGC, chombo kinachosimamia vyuo vikuu India, unaruhusu pia uzamili wa mwaka mmoja kwa mwenye shahada ya kwanza ya miaka minne. Mkenya aliyesoma miaka minne asijipe uhakika kabla chuo hakijamwandikia kwamba kinampokea kwa mpango huo.

Mwaka wa masomo huanza Julai au Agosti. Maombi yanaanza mapema, miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa hiyo matokeo yako ya mwisho yakichelewa kutoka, huenda ukasubiri mwaka mzima.

Shahada yangu ni ya miaka mitatu. Itakubaliwa?

Kwa MA, MSc, MCom na MBA, ndiyo. Wahindi wanahesabu miaka 12 ya shule na mitatu ya chuo. Mtanzania ana 13 ya shule, Mkenya wa 8-4-4 ana 12 pamoja na minne ya chuo, hivyo wote wanavuka. MTech ndiyo inayodai shahada ya uhandisi ya miaka minne.

Wanaopata usumbufu ni wale waliopita njia ya kidato cha nne, kisha stashahada, kisha shahada. Ofisi ya udahili ikikosa cheti cha kidato cha sita, inadhani kuna pengo. Peleka vyeti vyote kwa mfululizo, stashahada ikiwemo, pamoja na barua ya chuo chako inayoeleza kwamba stashahada ndiyo iliyokuingiza. Wakitaka uthibitisho zaidi, watakuelekeza AIU, Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya India, inayotoa vyeti vya ulinganifu.

GPA yangu ni 3.4. Je, ni ndogo?

Inategemea nani anaisoma. Vyuo vingi vya Tanzania vinahesabu GPA kwa 5, India wanahesabu CGPA kwa 10 au kwa asilimia. Karani asiyeambiwa ataiona 3.4 kama 3.4 kati ya 10 na kukuweka kando bila kukuuliza. Ukurasa wa maelezo ya madaraja ulio nyuma ya transkripti yako lazima uskaniwe pamoja na alama zenyewe. Watu wengi hutuma ukurasa wa mbele tu. Kiwango cha chini kinachotajwa sana ni asilimia 50 au 55.

Lazima nijue Kihindi?

Darasani hapana. Mtaani inategemea uko wapi: Chennai utakuta Kitamil, Bengaluru Kikannada, Hyderabad Kitelugu na Kiurdu, na Kihindi chako cha kwenye filamu hakitakufikisha mbali. Wapo wahadhiri wanaoanza kwa Kiingereza, wakinogewa wanahamia lugha ya nyumbani. Nyosha mkono useme hujaelewa. Hawachukii, wamesahau tu kwamba upo.

## Kuchagua chuo

Nitajuaje kama chuo ni halali?

Anzia kwenye tovuti ya UGC. Huko kuna orodha ya vyuo vinavyotambuliwa, na kila mwaka UGC hutoa pia orodha ya vyuo feki. Kwa uhandisi na masomo ya menejimenti, angalia pia kibali cha AICTE, baraza linalosimamia elimu ya ufundi India. Kisha tazama daraja la NAAC, chombo kinachopima ubora wa vyuo, ambalo la juu kabisa ni A++, na nafasi ya chuo kwenye NIRF, orodha ya serikali iliyoanza kutolewa 2016.

NIRF isomwe kwa fani, si kwa jina la chuo peke yake. Chuo kinaweza kung'ara katika famasia na kikawa cha kawaida kabisa katika uchumi.

Kagua pia kama chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nyumbani, maana ndiko cheti kitakakofanya kazi: TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya, NCHE kwa Uganda. Ulizia kabla ya kulipa.

Chuo cha serikali au cha binafsi?

Vyuo vya serikali kama Delhi University, Jawaharlal Nehru University, University of Hyderabad, Savitribai Phule ya Pune, Osmania, Jamia Millia Islamia na Aligarh vina majina, maktaba na wahadhiri wa utafiti. Ubaya wake ni urasimu: barua moja inaweza kupita madirisha manne, na dirisha la tatu huwa limekwenda kula.

Vyuo binafsi vinajibu barua pepe siku hiyohiyo, vinakupokea uwanja wa ndege na vina ofisi ya wageni. Baadhi ni vizuri kweli. Vingine ni majengo mazuri tu. Maoni yetu: kwa sayansi ya jamii, lugha, historia na sayansi za msingi, pigania chuo cha serikali. Kwa kompyuta, biashara na famasia, chuo binafsi chenye daraja zuri la NAAC kinaweza kukufaa, mradi umeongea na Mwafrika aliyemaliza hapo, si yule anayelipwa kuvuta wenzake.

Wakala ameniambia nimepata ufadhili wa asilimia 50. Nikubali?

Hilo mara nyingi ni punguzo la bei, limevalishwa joho la ufadhili. Chuo kinatangaza ada kubwa kwa wageni, kisha karibu kila mwombaji anapewa barua ya pongezi. Swali la kuuliza ni moja: baada ya punguzo, jumla ninayolipa hadi nimalize ni kiasi gani, ikiwemo usajili, mitihani, hosteli na chakula? Waandike kwa barua ya chuo, si kwa ujumbe wa WhatsApp wa wakala.

Wakala halipwi na wewe peke yako. Chuo nacho kinampa kamisheni kwa kila kichwa, ndiyo maana wengi wanakutajia vyuo vilevile vitatu au vinne. Kumtumia si kosa, hasa kama huna muda wa makaratasi, lakini ada ilipwe kwenye akaunti ya chuo moja kwa moja, na pasipoti yako halisi isilale ofisini kwake. Fomu zote za chuo, za viza na za ufadhili wa ICCR (tazama sehemu ya fedha) unaweza kuzijaza mwenyewe.

IIT iliyopo Zanzibar inahesabiwa kuwa ni kusoma India?

Cheti ni cha IIT Madras, mojawapo ya Taasisi za Teknolojia za India, ila chuo chenyewe kipo Bweleo, Unguja. Kilifunguliwa 2023 na ndicho kampasi ya kwanza ya IIT nje ya India. Kilianza na fani ya sayansi ya data na akili mnemba, kwa shahada ya kwanza na MTech, na ada ya MTech ilitangazwa kuwa dola 4,000 kwa mwaka. Kwa mtu wa fani hiyo aliyepo Dar au Mombasa, hesabu inabadilika kabisa: hakuna viza ya India, hakuna tiketi ya ndege ya kila likizo. Kuingia ndiko kugumu. Wanachuja kwa hesabu, na wanachuja kweli.

Mji upi ni mzuri kwa Mwafrika?

Pune na Bengaluru zina hali ya hewa ya kuvumilika mwaka mzima. Hyderabad ina nyama halali kila kona na gharama nafuu. Delhi ina vyuo vikubwa na balozi zetu zote, lakini Mei na Juni joto linaweza kupita nyuzi 44, Novemba moshi unaficha jua, na Januari hosteli haina kipasha joto. Watu wa Pwani hufika Delhi na mashati ya mikono mifupi mzigo mzima. Nunueni blanketi kabla ya Desemba. Mumbai ni ghali kwa nyumba. Miji midogo ya Punjab na Gujarat yenye vyuo vikubwa binafsi ni nafuu na tulivu, ila Gujarat pombe imepigwa marufuku kisheria na mgeni hana msamaha wa kujisahau.

## Fedha

Ufadhili wa ICCR ni nini, na unalipa nini?

ICCR ni Baraza la India la Mahusiano ya Kitamaduni, lililoanzishwa 1950. Linatoa nafasi kila mwaka kwa nchi za Afrika, na maombi hufanywa mtandaoni kupitia tovuti inayoitwa A2A. Dirisha hufunguliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Unachagua vyuo vitano kwa mpangilio wa upendeleo, unaandika insha ya Kiingereza, unapakia vyeti. Umri kwa uzamili ni miaka 18 hadi 30. Udaktari wa binadamu na wa meno haumo.

Ukipata, ada inalipwa, kuna posho ya pango, na posho ya kujikimu kwa mwanafunzi wa uzamili imekuwa rupia 20,000 kwa mwezi, ambayo ni kati ya dola 220 na 240. Kwa mtu mmoja anayejipikia, inatosha. Tiketi ya ndege inategemea aina ya mpango uliopewa, hivyo barua isome mstari kwa mstari.

Tatizo ni mwanzo. Posho ya kwanza haitoki hadi ufike, usajiliwe, ufungue akaunti ya benki na karatasi zizunguke. Nenda na fedha ya kuishi miezi miwili au mitatu. Anayeteremka ndegeni na dola 50 kwa kuwa amefadhiliwa anaanza kukopa kwa wenzake wiki ya kwanza.

Kuhusu vile vyuo vitano: watu hujaza majina makubwa matupu kisha wanakosa yote. Weka viwili vya ndoto, vitatu vya uhakika.

ITEC nayo inatoa uzamili?

Hapana. ITEC, iliyoanza 1964, ni mafunzo ya muda mfupi, hasa kwa watumishi na wataalamu walioko kazini. Ni nafasi nzuri ya kuionja India kwa gharama yao, lakini unarudi na cheti cha kozi, si shahada.

Sina ufadhili. Nijiandae na kiasi gani?

Vyuo vingi binafsi hutoza wageni kati ya dola 1,500 na 4,000 kwa mwaka kwa fani za kawaida. MBA za vyuo vyenye jina huenda mbali zaidi. Kuishi katika mji wa kati, ukishirikiana nyumba na kupika, dola 150 hadi 250 kwa mwezi zinawezekana. Delhi na Mumbai ongeza.

Kinachosahaulika ni gharama za kufika: viza, tiketi, bima ya afya, amana ya nyumba, godoro, sufuria, na ada ya mitihani ambayo baadhi ya vyuo huidai kando ya ada. Mzazi aelezwe mapema kwamba wiki ya kwanza ndiyo itakayotafuna fedha kuliko mwezi wowote utakaofuata.

Naweza kufanya kazi za muda nikiwa huko?

Viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi ya kulipwa. Watakuja watu kukupa kazi kwenye vituo vya simu, kwenye matangazo, hata kwenye filamu kama mtu wa kupita nyuma. Ukikamatwa unapoteza viza na masomo pamoja. Mafunzo kwa vitendo yaliyomo kwenye mtaala ni jambo jingine. Hayo chuo kinakuandikia barua.

## Viza na makaratasi

Hatua za viza zikoje?

Unajisajili kwenye tovuti ya Study in India, ambayo ni ya serikali, na kupata namba ya utambulisho. Chuo kinathibitisha udahili wako humo. Tangu Januari 2025 kuna viza ya kielektroniki ya mwanafunzi inayoombwa kwa kutumia namba hiyo. Viza hutolewa kwa muda wa masomo, isizidi miaka mitano.

Usiende kwa viza ya utalii ukitegemea kuibadili ukifika. Kila mwaka kuna anayejaribu, na kila mwaka kuna anayerudi Nairobi kuanza upya. Mtanzania apitie pia TCU kuchukua cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka. Huko mbele kitakusaidia, utakapoipeleka shahada yako TCU kutambuliwa.

Chanjo ya homa ya manjano ni lazima?

Ichome. India ni wakali: anayetoka au kupita katika nchi yenye ugonjwa huo bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Hata kama wewe unatoka Zanzibar, ndege yako huenda ikapita Nairobi au Addis Ababa. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, hivyo usiichome jana yake, na ukishakipata ni cha maisha.

FRRO ni nini na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ni ofisi ya usajili wa wageni. Mwenye viza ya zaidi ya siku 180 anatakiwa kujisajili ndani ya siku 14 tangu afike, na siku hizi inafanyika mtandaoni. Utahitaji picha, pasipoti, viza, barua ya chuo inayothibitisha kuwa wewe ni mwanafunzi wao, ambayo huko kila karani anaiita “bonafide”, na ushahidi wa makazi. Mwenye nyumba au hosteli naye anatakiwa kukuripoti kwa fomu ambayo kwa miaka mingi imejulikana kama Fomu C.

Hapa ndipo mambo yanakwama. Mwenye nyumba anaogopa fomu kwa sababu halipi kodi ya pango, ofisi ya chuo imefungwa kwa sikukuu, siku 14 zinapita na faini inaanza. Kaa hosteli ya chuo mwezi wa kwanza hata kama ni mbaya. Hosteli inajua Fomu C, na ukishasajiliwa utahama kwa amani, huku ukikumbuka kutoa taarifa ya anwani mpya.

Nibebe nyaraka zipi?

Vyeti halisi vyote kuanzia kidato cha nne, transkripti, cheti cha kuzaliwa, pasipoti yenye muda wa kutosha, cheti cha chanjo, bima, picha nyingi za saizi ya pasipoti zenye mandhari nyeupe, na nakala zilizothibitishwa na wakili. Uliza kama chuo chako kinataka mihuri ya wizara ya mambo ya nje na ya ubalozi. Kugonga mihuri ukiwa Dar ni kazi ya siku chache, ukiwa Rajkot ni kazi ya kumtuma shangazi.

Kuna karatasi mbili ambazo nyumbani hazipo na huko watazidai: cheti cha kuhama chuo na cha kuacha chuo. Kati ya vyuo vya Kihindi hutolewa mtu anapotoka kimoja kwenda kingine. Omba chuo chako cha zamani kiandike barua kwenye karatasi rasmi kwamba ulimaliza, huna deni, na hakina pingamizi usome kwingine. Barua hiyo kwa kawaida inapokelewa badala yake.

## Masomo na maisha

Usomaji wa huko una tofauti gani na wa nyumbani?

Mahudhurio yanahesabiwa, na kiwango ni asilimia 75. Ukishuka chini yake unaweza kuzuiwa kuingia kwenye mtihani, hata kama unajua somo kuliko mwalimu. Aliyezoea chuo ambako unaonekana wiki ya majaribio tu atashangaa.

Alama zinagawanyika kati ya kazi za ndani na mtihani wa mwisho wa muhula. Mtihani wa mwisho katika vyuo vingi vya serikali unapenda majibu marefu yanayofuata muhtasari wa somo. Tafuta karatasi za miaka iliyopita. Ziko katika kila duka la fotokopi karibu na geti. Ukisapu, yaani ukifeli somo, hawakudisco (kukufukuza) hivihivi: somo linabaki kama kiporo unachokirudia muhula mwingine, wao huita “backlog”, na viporo vikirundikana shahada haitoki.

Tasnifu hupitishwa kwenye programu ya kupima wizi wa maandishi. Kanuni za UGC za 2018 zinaruhusu ufanano hadi asilimia 10. Juu ya hapo kuna adhabu zinazopanda kwa ngazi.

Kupanga nyumba ni rahisi?

Si rahisi sana. Mikataba mingi ni ya miezi 11, dalali anachukua yake, na amana Bengaluru inaweza kuwa ya miezi kadhaa. Utaulizwa kama unakula nyama, kama utaleta wageni, kama umeoa. Wengine watakukataa bila sababu. Tazama swali la ubaguzi hapo chini. Nyumba za kulipia kitanda pamoja na chakula, zinazoitwa PG, zipo kila mji wa wanafunzi, ila geti hufungwa saa nne usiku na mboga ni dengu Jumatatu hadi Jumapili.

Nitakula nini?

Hutakufa njaa. Chapati, sambusa, pilau, biriani, mchicha, maharage na chai ya maziwa vyote vipo, pilipili ikiwa zaidi. Wali unapatikana kila mahali, hasa kusini. Ugali unapikwa kwa unga wa mahindi ambao kaskazini huuzwa kwa mikate yao ya makki. Ni wa manjano, mgeni akiuona anadhani umeweka bizari, lakini unasongeka. Nyama ya ng'ombe imezuiwa kisheria katika majimbo mengi, kwa hiyo zoea kuku, mbuzi na samaki, wala usianzishe mjadala huo na jirani. Waislamu watapata halali bila shida Hyderabad, Aligarh, Delhi ya kale na mitaa inayozunguka Jamia.

Kuna ubaguzi?

Upo. Januari 31, 2016, mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru na gari lake kuchomwa moto, kwa sababu ya ajali iliyosababishwa na dereva Msudani ambaye hata hakuwa naye. Machi 2017 Wanaijeria walipigwa Greater Noida. Hayo ni matukio makubwa yaliyofika kwenye magazeti na kwa mawaziri. Ya kila siku ni madogo: kutazamwa kwenye treni, kupigwa picha bila ruhusa, kuitwa “kalu”, yaani mweusi kwa dharau, kuulizwa na mwenye nyumba kama unauza madawa.

Wengi wanamaliza salama, na wengi wanapata marafiki wa kudumu. Ila tusimdanganye mtu. Fika ukiwa na namba ya chama cha wanafunzi wa nchi yako katika mji huo, jiandikishe ubalozini New Delhi, usitembee peke yako usiku wa manane mitaa usiyoijua, na ukiona watu wamekusanyika kwenye ajali, pita mbali. Polisi akija, zungumza kwa utulivu na mpigie mtu wa ofisi ya wageni ya chuo. Vyuo vyenye Waafrika wengi vinajua namna ya kushughulika. Hiyo nayo ni sababu ya kuuliza, kabla ya kuomba, wako wangapi.

## Hali zisizo za kawaida

Nimefika, chuo si kile nilichoelezwa. Naweza kuhamia kingine?

Viza yako imefungwa na chuo kilichokudahili. Kuhama bila idhini ya FRRO ni kuvunja masharti. Mwenye ICCR kwa kawaida haruhusiwi kubadili chuo wala kozi. Anayejilipia anaweza, akipata udahili mpya, barua ya chuo cha kwanza ya kumwachia, na kibali. Chuo cha kwanza mara nyingi hakirudishi ada, na baadhi hushikilia vyeti halisi. Usiviache ofisini: waonyeshe, wakague, wakurudishie.

Viza inaisha kabla matokeo hayajatoka. Nifanyeje?

Hili linawapata wengi kwenye vyuo vya serikali, ambako matokeo ya mwisho huchelewa. Omba kuongezewa muda kwenye tovuti ya FRRO kabla ya tarehe kufika, ukiwa na barua ya chuo inayosema bado unasubiri. Ukipitisha, utalipa faini na kuhitaji kibali cha kutoka. Kama huna sababu ya kubaki, chukua cheti cha muda na karatasi za alama urudi nyumbani, umwachie rafiki unayemwamini hati ya kukuchukulia cheti halisi.

Naweza kwenda na mke au mume wangu?

Kuna aina ya viza kwa ajili ya wategemezi wa mwanafunzi. Hosteli haziwapokei, kwa hiyo jipange kwa nyumba. Posho ya ICCR ni ya mtu mmoja.

Nikimaliza naweza kuajiriwa India?

Kwa nadharia. Viza ya ajira humtaka mgeni awe na mshahara unaozidi rupia 1,625,000 kwa mwaka, na kampuni ieleze kwa nini haimtaki Mhindi. Mhitimu mpya hafiki hapo mara nyingi. Kuendelea na uzamivu ndiyo njia iliyo wazi zaidi, na ICCR inaufadhili kwa umri hadi miaka 45.

Shahada yangu itatambuliwa nyumbani?

Kama chuo kilikuwa halali na ulikaa kweli darasani, ndiyo. Kwa Tanzania unaiwasilisha TCU kwa tathmini. Hifadhi pasipoti uliyotumia, hata ikiisha muda, kwa kuwa mihuri ya kuingia na kutoka ni ushahidi kwamba ulisoma huko. Shahada ya mtandaoni ina mtego wake: India wenyewe wanaitambua pale tu UGC ilipokiruhusu chuo hicho kutoa kozi hiyo kwa njia hiyo, na mamlaka ya nyumbani inaweza kuwa na masharti ya ziada. Uliza kwa maandishi, ukitaja jina la chuo na la kozi.

Majina yangu kwenye cheti na kwenye pasipoti hayafanani.

Cheti cha kidato cha nne kinasema Juma H. Ally, pasipoti inasema Juma Hamisi Ally Mwinyi, na cheti cha chuo kimegeuza mpangilio. Kwetu kila mtu anaelewa. Karani wa India anaona watu watatu. Fanya hati ya kiapo kwa wakili, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kama tofauti ni kubwa, kabla ya kuomba chuo, kisha tumia jina la pasipoti kila mahali: udahili, viza, FRRO, benki, usajili wa mitihani. Mwenye jina moja tu kwenye pasipoti alitafutie ufumbuzi mapema zaidi, kwani fomu za huko hazikubali nafasi ya ukoo ikiwa tupu, na likiingizwa ovyo mara ya kwanza ndilo litakalochapwa kwenye shahada. Kulisahihisha baada ya hapo kunaanzia kwenye kitengo cha mitihani cha chuo, kwa ada, na wewe ukiwa tayari umerudi Tanga.